Kozi ya Sumu

Sene 18

Mvua imeanza rasmi. Jana yalikuwa manyunyu ya kututania tu, leo bati linapigwa mpaka ukisema neno inabidi ulirudie.

Idara yetu ya famasia imetangaza kozi za hiari za mwaka wa nne. Ziko sita, tunachagua mbili: dawa za mimea, dawa za ubongo, takwimu za tiba, majaribio ya dawa kwa wagonjwa, uendeshaji wa maduka ya dawa, na elimu ya sumu. Mkuu wa idara, Dokta Fisseha, hataki karatasi. Kila mmoja aende ofisini kwake kabla ya mwaka mpya wetu, mvua zikiisha, ataje kozi zake kwa mdomo, yeye aandike. "Na nikishaandika," alisema, "msije kunililia hapa kwamba mlipitiwa."

Rahwa, ninayekaa naye dawati moja, amechagua maduka ya dawa na takwimu. Anasema anataka kazi ya kukaa kwenye kiti.

"Wewe je, Tirsit?"

"Mimea na sumu."

"Sumu! Sasa nani atakuoa wewe? Nani atakunywa kahawa yako?"

Tulicheka hadi Dokta akatukata jicho.

Sene 19

Niandike sababu, maana hapa ndipo pekee ninapoweza kuisema.

Kaka yangu Endalew anatembea kwa fimbo mbili. Magoti yanagongana, vidole vya miguu vinaburuta chini. Hakuzaliwa hivyo. Alipoteza nguvu za miguu tulipokuwa bado tunaishi Dembia, kabla ya Mama kutuhamishia hapa Gondar. Nyumbani tunasema alilala juu ya nyasi za guaya siku ya kupura, akiwa na jasho, na joto la zile nyasi likamwingia miguuni. Dembia nzima inasema hivyo. Guaya ni jamii ya njegere, inaota hata shamba likigoma kutoa kitu kingine, na kila mtu kule ana jamaa aliyelala kwenye nyasi zake.

Mwaka jana mwalimu mmoja aliigusa kidogo tu. Alisema si nyasi. Ni punje zenyewe, mtu akizila siku baada ya siku, miezi, bila chakula kingine cha maana. Halafu akafunga kitabu. "Mengine mtayakuta kwenye kozi ya sumu."

Tangu siku ile sina raha. Nyumbani sijamwambia mtu.

Sene 25

Leo nimesema. Mama alikuwa anakaanga kahawa, Endalew amekaa kwenye benchi lake karibu na mlango, nikaona ni wakati mzuri. Sijui kwa nini huwa nadhani kahawa inamlainisha Mama.

"Nimechagua kozi, Mama. Mimea, na elimu ya sumu."

Kikaango kilisimama.

"Elimu ya nini?"

"Ya sumu."

"Hatimaye," alisema Endalew, "nyumba hii itakuwa na mtu wa kuogopwa."

Mama hakucheka. "Chagua nyingine."

"Kwa nini?"

"Nimesema chagua nyingine. Mimi nawauzia watu kinywaji, Tirsit. Kinywaji!"

Ni kweli anauza teji, pombe ya asali, anaichachusha mwenyewe na kuiuza katika chumba chetu cha mbele. Na bahati mbaya Mzee Bezabih, mteja wa kila siku na mwenyekiti wa chama cha mazishi cha mtaa, alikuwa upande wa pili wa pazia. Kikohozi chake kilinitosha kujua kwamba amesikia kila kitu.

Hamle 3

Mtaa mzima unajua. Mama bado ana ile desturi ya zamani: kabla ya kumpa mteja chupa yake anamimina tone kiganjani na kulinywa mbele yake, aone hakutiliwa kitu. Leo Mzee Bezabih ameisukuma chupa irudi.

"Mama Endalew, onja tena."

"Nimeshaonja, mzee."

"Ulionja kwa niaba yako. Onja na kwa niaba ya binti."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Mama akaonja tena akitabasamu, lakini alipoingia ndani hakuwa na tabasamu.

Hamle 7

Mvua. Nguo hazikauki. "Onja tena" imekuwa salamu yetu.

Hamle 12

Benchi la nyuma lilikuwa tupu leo. Rahwa amepita nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa Mama Alganesh, ambaye teji yake ina maji mengi, akakuta watu wamejazana mpaka wengine wanakunywa wamesimama.

Mama hanisemeshi ila kwa mambo ya kuni na maji. Nampenda, lakini siku hizi ananikera. Anaogopa utani wa walevi kuliko anavyojali ninachosoma. Naandika hivyo na sifuti.

Hamle 19

Leo ni siku ya Gabrieli. Tuliporudi kanisani Mama alinituma niweke mkeka safi na kuchemsha mchuzi, hakusema kwa ajili ya nani. Nilidhani ni wageni wa chama cha mazishi.

Wakaja watatu: Aba Merawi, padri anayetuungamisha sisi wote wa nyumba hii, Mzee Bezabih, na Mzee Liben fundi cherehani, ambaye nyonga yake mbovu kila mtu anaijua. Mvua ilikuwa inamwagika. Mashuka yao mazito ya pamba yalichuruzika mpaka kwenye mkeka. Niliruka kuwapokea.

"Karibuni, karibuni wazee. Kaeni."

Hakuna aliyekaa. Hapo ndipo nilipoelewa. Wazee wakitumwa kuomba hawakai mpaka wapewe. Nimewaona wakifanya hivyo kwenye posa, nimewaona wakisuluhisha ndugu waliopigana mapanga. Sikuwahi kusikia wametumwa kwa mwanafunzi.

"Tuna ombi, binti," alisema Aba Merawi. "Tukipewa tutakaa. Tusipopewa tutasimama."

"Kaeni kwanza, baba, mmelowa. Mimi nitasikiliza."

"Sikiliza tumesimama."

Nikamtazama Mama. Alikuwa anakoroga mchuzi, mgongo ameupa chumba.

"Mama yako anaomba uache ile kozi ya sumu," padri akaendelea, "uchukue ile ya maduka ya dawa. Mjomba wa Rahwa ana duka, kazi haitakosekana. Sisi hatukujui kwa ukaidi."

"Lakini, baba, hii ni shule. Si posa."

"Posa ingekuwa nafuu," alisema Mzee Bezabih. "Tungekuwa tumeshakula."

Endalew alijaribu kuniokoa. "Wazee wangu, mpeni siku mbili afikirie."

"Siku mbili tutasimama," alijibu Mzee Liben, na uso wake ulikuwa umekunjana kwa maumivu ya nyonga. Alikuwa amejishika ukutani. Maji yalimtiririka kwenye shavu, na mimi namtazama mtu aliyenishonea sare ya kwanza ya shule akitetemeka kwa ajili yangu.

Nilikasirika mpaka machozi. Nilitaka kumwuliza Mama kama hana haya. Nilitaka kutoka nje nikae kwenye mvua. Kwa mtu mmoja ningebisha mpaka kesho. Kwa mama yangu ningebisha mwaka mzima. Lakini wale watatu, na dimbwi lile linalokua chini yao, na mchuzi unaonukia ambao hawataugusa! Mtu akiwarudisha wazee bila kitu, hata mbwa wa mtaa hawamtazami. Wasingemcheka Mama tu. Wangemkwepa hata siku ya msiba.

"Sawa," nikasema.

"Sawa nini?" Aba Merawi ni mtu wa hakika.

"Naiacha kozi ya sumu."

Wakakaa wote kwa pamoja, Mzee Liben akitoa sauti ambayo sitaisahau. Wakanibariki. Wakala vizuri sana. Mzee Bezabih akasema sasa atakunywa bila wasiwasi, na Mama akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu mvua ianze.

Mimi sikula.

Hamle 20

Hakuna la kuandika.

Hamle 27

Nilijipa moyo. Nilifikiri nitakwenda kwa Dokta Fisseha nimweleze kisa chote. Ni msomi, amekaa ng'ambo, ataniandikia sumu kimyakimya na nyumbani nitasema ni maduka. Ni uongo, najua. Nilishaukubali.

Alikuwa anakunywa chai. Aliponiona akaweka kikombe chini.

"Tirsit. Wazee wako walikuja."

"Huku?"

"Hapa hapa, kwenye korido. Walikuja kushukuru na kuhakikisha. Nikawaambia wakae, wakasema hawakai." Akajifuta paji la uso. "Wanafunzi wanapita, wahadhiri wanapita, na mzee mmoja ana nyonga mbovu. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Umeandika?"

"Nimeandika. Mimea, na uendeshaji wa maduka ya dawa."

"Dokta, si zinaitwa kozi za hiari?"

"Hata mimi nina mama," alisema, akachukua kikombe chake.

Nje sikufungua mwavuli. Rahwa alinikimbilia akanifunika na wake. "Angalau tutakaa pamoja kwenye maduka," alisema. Alimaanisha wema, nami nikamkasirikia bure.

Nehase 1

Mfungo wa Filseta umeanza. Hatuli kitu mpaka alasiri, wala nyama mpaka uishe. Wateja wamerudi wote, benchi la nyuma limejaa. Nahudumia, nafagia, nasema "karibuni wazee". Nimekwama ndani ya nyumba hii kama kizibo.

Nehase 5

Mvua ya mawe. Mama ameshinda anatazama juu na kuuliza kama imenyesha na upande wa Dembia.

Nehase 9

Dereva wa lori la Dembia ameshusha gunia kutoka kwa mama mdogo Asrebeb, mdogo wake Mama. Salamu za mfungo, akasema. Mama alifurahi, akalifungua palepale mlangoni, akaingiza mkono. Akauchomoa. Kiganjani kulikuwa na punje za guaya, zile ndogo zenye pembe kama jino.

Akalifunga tena. Nilidhani atalipeleka jikoni, maana unga wake unatoa mchuzi mzuri wa mfungo na watu wengi hapa mjini wanaula. Badala yake akaliburuta hadi mtaroni, peke yake, kwenye mvua, akalichana kwa kisu. Punje zikaenda na maji.

Mama Alganesh alipiga kelele kutoka barazani kwake. "Mama Endalew! Ni chakula hicho! Na mfungo huu!"

"Kimeingia fukusi," Mama akajibu.

Hakikuwa na fukusi. Mimi niliziona. Na Endalew, kwenye benchi lake, aliziona pia, akageuza uso.

Nehase 10

Nimemuuliza. Tulikuwa wawili jikoni.

"Mama, kama ni nyasi zilizomvunja kaka, mbona umemwaga punje?"

Alikuwa anakanda unga wa injera, mkate wetu wa kila siku. Mikono ikabaki humo humo ndani ya unga.

"Usiniulize tena hilo."

"Mama—"

"Tirsit, nakuomba." Hakusema kwa ukali. Ingekuwa kwa ukali ningejua la kufanya.

Kumbe anajua. Amejua miaka yote. Na mimi nilimdhania anaogopa maneno ya walevi! Kozi ile ilikuwa inakuja kusema, ndani ya nyumba yake, kwa mdomo wa mwanawe, kwamba mkono uliompakulia Endalew ndio uliomvunja. Ndiyo maana aliwaleta wazee. Nimeona aibu kwa yote niliyoandika mwezi uliopita, na bado nina hasira, na sijui hivi viwili vinakaaje kifuani pamoja.

Nehase 16

Mfungo umeisha, tumekula kuku. Mama amekwenda kanisani. Endalew aliniita.

"Umemuuliza Mama kitu."

"Umesikia?"

"Miguu ndiyo iliyokufa, masikio yapo." Akaziegemeza fimbo zake ukutani. "Nitakwambia, kisha hatutazungumza tena. Mwaka ule mvua ya mawe iliua teff yote, nafaka yetu ya injera. Baba alikuwa ameshafariki. Ilibaki guaya. Tulikula asubuhi guaya, jioni guaya. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa unaonja tu. Mimi nilikuwa nalima, kwa hiyo Mama akawa ananijazia sahani. Alikuwa anakwangua chungu ili mimi nishibe. Yeye mwenyewe hakuwa anakula."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu kule kule. Wazee wa kule wanajua, hawasemi tu. Ukiwa huna chakula kingine, utasema ni nyasi, ulale." Akanishika mkono. "Akijua kwamba najua, itamuua. Apa kwamba hutamwambia."

Nikaapa.

"Kuna dawa?" aliuliza baadaye, akitazama fimbo zake.

"Mwalimu alisema hakuna. Miguu ikishakwenda hairudi."

"Basi hiyo kozi ingekuwa ya nini?"

"Ya wanaoila sasa. Kuna namna ya kuiloweka na kumwaga maji, kuna namna ya kuichanganya na nafaka nyingine. Sijui vizuri, kaka. Ndiyo maana nilitaka kusoma."

"Ungeisoma," alisema. Na sote tulijua nimewapa wazee neno langu.

Nehase 28

Dereva wa Dembia amerudi. Mito imefurika, mashamba yako chini ya maji. Kwa mama mdogo Asrebeb wanakula guaya tupu tangu Hamle, na mwanawe mkubwa, anayelima, anashikwa na misuli ya miguu kila asubuhi.

Nilimvuta dereva pembeni nikamwambia ni chakula, wapunguze, waloweke. Akanicheka. "Chakula cha babu zetu, binti? Nitawaambia wasilale kwenye nyasi."

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu na chupa mkononi. Haikuwa na mteja wa kupewa. Usoni alikuwa amekwisha.

Nehase 29

Mama amempa dereva magunia mawili ya shayiri awapelekee. Hakusema kwa nini.

Pagume 2

Tuko katika siku hizi chache za mwisho wa mwaka, na leo Dokta Fisseha amenitumia watu nije haraka. Nikafika natweta. Alikuwa amesimama katikati ya ofisi, mikono kiunoni.

"Wazee wako wamekuja tena."

"Dokta, mimi sijui kitu—"

"Wamesimama pale pale. Tukio la pili katika mvua moja! Nikawauliza, safari hii mnaomba nini? Yule padri akasema, tunaomba sumu." Akaanza kucheka, akashindwa kujizuia. "Nikamwambia, baba, nilisema nikishaandika siandiki tena. Akasema ndiyo maana hatujakaa."

"Umeandika?"

"Mimea na sumu. Na waambie wasirudi, yule mwenye nyonga nimempa kiti changu kwa nguvu."

Nilitoka nikikimbia kwenye korido. Sikumbuki kama kulikuwa na mvua.

Pagume 3

Leo ni Rufaeli, mvua yake ina baraka, watoto wa mtaa wako nje uchi wanaoga na kupiga kelele. Endalew alikuwa amejilaza nyuma ya pazia. Mama alinikalisha jikoni, kando ya mtungi wa asali.

"Baada ya mwaka mpya tutakwenda Dembia," alisema. "Mimi, wewe, na Aba Merawi. Kwa mama yako mdogo kwanza, halafu kwa wengine. Utawaambia ile habari ya chakula."

"Waambie wewe, Mama. Wewe ni dada yake."

"Mimi?" Akatazama mikono yake. "Mimi ni mwuza pombe. Na nikisema mimi, watauliza nimejuaje. Utasema wewe. Utasema unasomea, na padri atakuwa amekaa hapo, watakusikiliza. Sikutaka useme uongo mbele ya padri, ndiyo maana nimewatuma tena wazee kwa mwalimu wako."

Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa hajamaliza. Akanisogelea, akashusha sauti.

"Kule Dembia ni chakula. Hapa nyumbani, mbele ya kaka yako, ni nyasi. Alilala kwenye nyasi. Umenisikia, Tirsit? Ni nyasi mpaka siku ya kunizika."

"Mama, pengine yeye—"

"Apa."

Siku nzima nilikuwa nimejiona mtu huru. Nikafikiria kiapo nilichompa Endalew, nikafikiria miaka yote ambayo nitakuwa nakaa kati yao hao wawili kwenye kahawa, nikiwa na kitabu cha sumu begani na ulimi umefungwa pande zote mbili. Nikaapa.

Mama akageuka kulitazama pazia kwa hofu. "Hajasikia?"

Kaka yangu hakoromi, hata akiwa na mafua. Leo, nyuma ya pazia lile, alikoroma kwa nguvu. Mama akasikiliza, akaridhika, akarudi kukoroga asali yake.